Mganga, mchungaji na sindano: mdogo wangu aende wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni dada mkubwa katika familia ya watoto sita, tunaishi Ilemela, Mwanza. Mdogo wetu wa kiume ana miaka 23 na anavua dagaa kwenye kambi moja upande wa Kayenze. Tangu Machi amebadilika. Halali, anaongea peke yake, anasema kuna watu majini wanamwita kwa jina. Tulimpeleka hospitali akachomwa sindano na kupewa vidonge. Siku ya pili shingo ikapinda na ulimi ukatoka nje, mama akaogopa, akavitupa vidonge chooni. Sasa yuko kwa mganga huko Magu, anaoga dawa na kunywa nyingine ya chupa, na ametulia kidogo. Mganga anasema dawa yake na ya hospitali haziwezi kukaa tumbo moja. Kaka yetu mlokole anataka atolewe huko apelekwe kwenye maombi ya siku 7 bila kula. Mjomba anasema aliyemfanyia hivi ni shangazi. Naona aibu hata kuuliza: tiba asili inaweza kuponya ugonjwa wa akili, au tunampotezea mtoto wa watu muda?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Aibu iweke kando. Miaka yote niliyotibu wagonjwa wa akili huku Kanda ya Ziwa, waliofika kwangu bila kupitia kwanza kwa mganga, mchungaji au shehe naweza kuwahesabu kwa vidole. Familia za walimu na wauguzi nazo hupita hukohuko, ila wao huenda usiku.

Nianze na shingo, kwa sababu ndiyo iliyowatoa hospitali.

Kijana wa kiume akipewa dawa kama haloperidoli, hasa kwa sindano, katika siku za mwanzo misuli ya shingo, taya, ulimi na macho inaweza kukaza ghafla. Shingo inapinda, macho yanapanda juu, ulimi unajitokeza. Ukiona kwa mara ya kwanza utaapa kuwa jini limekasirika. Kinachotokea ni hiki: dawa hizo hupunguza nguvu ya kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, ambayo kazi yake huvuka mpaka mtu anaposikia sauti zisizokuwepo. Dopamini hiyohiyo ndiyo inayoufanya mwendo wa misuli uwe laini. Ikibanwa haraka, misuli inakakamaa. Dawa ya kulegeza ipo, ya sindano na ya vidonge. Vile vya vidonge wagonjwa wengi wanavijua kwa jina la Artane. Kwa sindano, shingo mara nyingi hurudi mahali pake ndani ya nusu saa. Aliyemtibu mdogo wako alipaswa kuwaambia haya kabla hamjatoka mlangoni, na kuwaeleza kuwa ikitokea mrudi mbio, maana dawa inaweza kupunguzwa au kubadilishwa. Kama hakuwaambia, hilo ni kosa letu sisi wa koti jeupe. Mama yako alifanya kile ambacho mama yeyote angefanya akimwona mwanawe amegeuka vile.

Watu wa mbali wanapenda kusema Wasukuma tumezidi uganga. Mimi ninachokiona mara nyingi ni watu waliokimbia hospitali wakiwa na sababu zao, na mganga akawafungulia mlango.

Sasa swali lenyewe. Tatizo lake ni kwamba hayo maneno "ugonjwa wa akili" yamebeba mizigo ya watu wengi. Mjane asiyelala tangu azike. Mama aliyejifungua juzi na leo hamtaki mtoto wake. Mzee anayepotea njia ya kwake. Binti wa kifafa. Mdogo wako anayeitwa na watu wa majini. Mtaani wote "wamechanganyikiwa", wote watapelekwa kwa mtu yuleyule, na kila mmoja ana ugonjwa wake.

Chukua msiba. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, Septemba 20, 2018, walikufa zaidi ya watu 220. Mei 21, 1996 ilikuwa MV Bukoba, ikiwa imeshakaribia Mwanza, na mpaka leo ukipita makaburi ya Igoma unakumbuka. Nimeketi na watu ambao ziwa liliwachukulia ndugu bila kurudisha mwili. Kilichowainua wengi wao hakikuwa kidonge. Ni matanga yaliyowekwa hata bila jeneza, mzee wa ukoo aliyethubutu kusema "sasa tumemzika", wanakwaya waliokuja kila jioni, dada aliyelala naye chumba kimoja mwezi mzima. Kule Zimbabwe daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza kuwafundisha mabibi wa mtaani kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Sisi tungesema "ana mawazo". Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Kwa watu wa namna hiyo, ukiniambia bibi, mchungaji au mganga msikivu ametibu, sibishani nawe. Nitabishana pale tu mtu ameacha kula au anaanza kusema heri afe, kwa sababu hapo sonona imeshakuwa nzito na inataka daktari pamoja na huyo bibi.

Mdogo wako hayuko kwenye kundi hilo. Sauti zinazomwita mtu kwa jina wakati hakuna mtu, wiki baada ya wiki, na usingizi umetoroka, sisi huiita saikosisi. Inaweza kuwa mwanzo wa skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili wa muda mrefu, inaweza kuwa ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, inaweza kuwa bangi au gongo, na inaweza kuwa ugonjwa wa mwili uliopanda kichwani: malaria, kaswende, VVU, sukari, au kugongwa kichwa kwenye mtumbwi akanyamaza. Je, walimpima damu kabla ya kumchoma sindano? Kama hawakumpima, hilo ni la kwanza kulidai mkirudi. Hayo ramli haiyaoni, na mimi pia siyaoni kwa macho tu.

Sasa njoo kwenye lile neno ulilolisema kwa kupita, "ametulia kidogo". Mimi nimelisoma mara tatu.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanazifuata, na mvuvi yuko macho hadi alfajiri. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hupumzika. Maana yake mdogo wako kila mwezi hupitia usiku kadhaa mfululizo bila usingizi, kisha anajaribu kulala mchana kwenye kibanda cha mabati, jua likiwaka, redio ikilia. Kukosa usingizi kunaweza kumtibua hata mtu mzima wa akili, na kwa mwenye ubongo uliokwisha kuanza kuyumba ni kama kumwagia petroli kwenye moto. Nimewatibu wavuvi ambao ndugu zao walikuwa na hakika kuwa ugonjwa unafuata mwezi, na walikuwa wameona sawasawa kabisa. Ulikuwa unafuata giza la dagaa. Kwa mganga hakuna taa za dagaa wala tajiri wa mtumbwi anayeamsha watu. Huenda hakuna bangi. Anakula kwa saa, analala usiku. Sehemu kubwa ya kutulia kwake naweza kuieleza kwa hilo tu, kabla sijaigusa ile chupa.

Kwa hiyo kokote mtakakomweka, asirudi mwaloni, kule kwenye kambi ya wavuvi, kwa sasa. Na si kwa ajili ya usingizi pekee. Mtu anayeitwa na sauti kutoka majini, siku moja huenda akazifuata. Huyo hakai karibu na maji bila mtu wa kumtazama, hata kuoga ziwani.

Kuhusu mganga mwenyewe, nisikufiche ninachokifikiri. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Dar es Salaam uliolinganisha watu wanaohudhuria zahanati na wanaohudhuria kwa waganga. Zahanati, asilimia 24 walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa. Kwa waganga, asilimia 48. Yaani karibu nusu ya waliokaa kwenye mkeka wa mganga walikuwa wagonjwa wangu, na mimi sikuwa na habari. Hawaendi kule kwa ujinga. Nfumu wa kweli, ndivyo Wasukuma tunavyomwita mganga, nikiacha hawa wa mabango ya "mali bila masharti" na "kurudisha mpenzi kwa saa tatu", ana vitu ambavyo mimi sina. Ana muda. Anauliza nani amekosana na nani, mahari ya nani haijakwisha, kaburi la nani limesahauliwa. Anauita ukoo wote, hata yule baba mdogo ambaye hakanyagi hospitali. Mgonjwa akimaliza dawa anarudishwa nyumbani watu wakiwa wamekula na kuimba. Anayetoka wodini kwetu hurudi na bahasha ya vidonge na jina la kichaa. Nami nina dakika 10 za kumsikiliza mtu, na foleni nje.

(Usisahau kuwa huku kwetu dawa na ngoma havijawahi kukaa mbalimbali. Hata Bagika na Bagalu, wale wanaoshindana kucheza baada ya mavuno, husimulia kuwa walianzia kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, waliotaka kujua nani ana dawa kali zaidi. Ukipata nafasi pita makumbusho ya Bujora pale Kisesa.)

Lakini huyo nfumu hana uwezo wa kuzima sauti za saikosisi zilizokomaa, na mganga mkongwe mwenye heshima yake atakwambia hivyo mwenyewe ukimuuliza faraghani.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwahi kumkata kijana mmoja hirizi mbele ya bibi yake na kumwambia ni takataka. Nilijiona nimemkomboa. Hawakurudi kliniki. Baadaye sana nikamkuta kwa mganga mwingine, amefungwa mnyororo mguuni kwenye gogo, kidonda kimefika kwenye mfupa. Bibi yake alinitazama bila kusema neno. Tangu siku hiyo hirizi naiacha ilivyo, kwa sababu haijawahi kumzuia mtu kumeza kidonge, ila dharau yangu ilimzuia.

Ile chupa sasa, na maneno ya kwamba dawa mbili haziwezi kukaa tumbo moja. Hapo mganga wenu amesema kweli, tena kweli ya kitaalamu, ingawa tutaachana njia mbele kidogo.

Majani na magome si maji ya kunywa hivihivi. Kuna jamii ya miti iitwayo Rauvolfia. Kule India mmoja wao ulitumika tangu zamani kuwatuliza wenye wazimu, na Nigeria waganga wa Kiyoruba hutumia mwingine wa jamii hiyohiyo kwa kazi hiyohiyo. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Uswisi walitoa ndani ya mti ule wa India kemikali waliyoiita reserpini, na kwa miaka kadhaa hospitali kubwa za dunia ziliitumia kutibu saikosisi na shinikizo la damu. Mwaka uleule, Paris, ndipo klopromazini, dawa iliyotengenezwa maabara, ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili. Reserpini ikashindwa kwenye mashindano hayo, kwa kuwa ilishusha presha mno na baadhi ya waliopewa waliingia kwenye huzuni nzito. Ndugu wa miti hiyo tunaye hapa nchini: ni msesewe, ule ambao Wachaga hutia magome yake kwenye mbege.

Simaanishi kuwa chupa ya mdogo wako ina msesewe. Namaanisha kwamba inaweza kuwa na kitu chenye nguvu ya kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Kidonge cha hospitali kinashusha presha, mzizi nao unashusha presha, kijana anasimama asubuhi anaanguka chini. Kidonge kinatia usingizi, chupa nayo inatia usingizi, anasinzia asiamshwe. Kidonge kina kipimo kilichoandikwa. Chupa kipimo chake ni kifuniko, na nguvu yake inategemea mti, msimu na moto wa kuchemshia. Ini na figo ndizo zinazobaki kusuluhisha. Kwa hiyo naam, vya kunywa visikae tumbo moja. Tunapoachana na mganga ni kwenye kipi kitolewe. Kwa kijana mwenye sauti, kitolewe cha chupa, kibaki chenye kipimo.

Na hapo ndipo watu wengi hawaamini ninaposema: mengine yanaweza kubaki. Kuoga dawa hakugombani na kidonge. Hirizi, tambiko la ukoo, maji ya baraka, kusomewa Kurani, kombe la zafarani, hayo yote sina ugomvi nayo. Chale sizipendi, wakishikilia, wembe uwe mpya, wake peke yake, mnunue ninyi, kwa sababu ya VVU na homa ya ini. Kufukizwa chini ya blanketi kwa mtu aliyekwisha kumeza dawa zetu kunaweza kumzimisha kwa joto, kwa hiyo hapana. Dawa za kuharisha na kutapisha hapana kabisa. Kufungwa kamba hapana, kupigwa ili jini litoke hapana, na lolote kati ya hayo mawili likianza mchukueni siku hiyohiyo, hata kama fedha ya mganga imeshalipwa yote.

Kama unadhani haya ya kuchanganya ni ulegevu wangu wa uzeeni, sikia yaliyofanyika kwingine. Nigeria, mwaka 1954, Dk. Thomas Adeoye Lambo alianzisha utaratibu wake pale Aro, Abeokuta. Wagonjwa hawakufungiwa; waliishi kwenye nyumba za vijiji vya jirani wakiwa na ndugu wa kuwapikia, mchana wakitibiwa hospitali, na aliwatumia waganga wa jadi chini ya usimamizi wake. Mwaka 2020 kulichapishwa utafiti mkubwa uliofanywa Nigeria na Ghana kwa watu 307 wenye saikosisi waliokuwa kwa waganga na kwenye kambi za maombi. Kwa kundi moja, wahudumu wa afya waliwafuata wagonjwa palepale walipo, wakawapa dawa, wakaongea na mganga au nabii kuhusu kuacha minyororo na mapigo, huku yeye akiendelea na ibada zake. Kundi jingine liliachwa lihudumiwe kama kawaida. Baada ya miezi 6, waliohudumiwa na pande zote mbili kwa pamoja walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Mganga hakufukuzwa, na dawa haikuachwa. Hilo ndilo ninalokutakia wewe pia.

Kwa kaka yako mlokole nina maneno machache na ninayasema kama Mkristo mwenzake. Mwenye saikosisi hafungi. Mwili uliokosa chakula na maji, ndani yake kuna dawa au mizizi, siku 7 ni nyingi sana, na mkesha wa usiku kucha unamrudisha mdogo wenu kwenye giza lilelile la dagaa. Kanisa lifunge kwa ajili yake, yeye ale. Wao wakeshe, yeye alale. Mchungaji mwelewa atakubali. Asiyekubali, au anayemtaka atupe dawa ili aonyeshe imani, muogopeni. Tuliyaona mwaka 2011, watu walipojipanga maelfu kwa maelfu kule Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila, shilingi 500 tu. Kunywa kikombe na kurudi nyumbani hakukumdhuru mtu sana. Miongoni mwa walioumia ni wale walioweka chini dawa za VVU na za kisukari kwa kuwa wameshakunywa.

Halafu mjomba na shangazi. Hapa sicheki na wala sibembelezi.

Kanda yetu imezika wanawake wazee waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa mafiga waliyoinamia miaka 50 wakitupikia. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Maneno "ramli chonganishi" unayoyasikia redioni yana damu ndani yake. Kwenu kuna hatari ya ziada ambayo mjomba hajaiona. Mdogo wako anasikia sauti na hajui ni za nani. Mkimwambia ni za shangazi, mmempa sauti hizo uso na nyumba anayoijua njia yake. Usiku mmoja zikimwamuru akajitetee, ataenda huko na panga. Nimekwisha kuandika ripoti ya polisi ya namna hiyo, sitaki kuandika ya pili. Mganga akiulizwa "nani amefanya", ondokeni. Akiulizwa "tufanye nini ukoo upatane", kaeni msikilize. Na mjomba aambiwe hayo na mtu mzima mwenzake, baba yako au mzee wa familia, si wewe.

Muulizeni pia huyo mganga kama amesajiliwa. Kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na kuna Baraza lake linalotoa vyeti. Halmashauri ina mratibu wa kuwajua walioko eneo lake. Cheti hakimfanyi mtu kuwa mwema, ila aliye nacho ana cha kupoteza. (Swali hilohilo waulizeni na wale wa mifuniko ya dhahabu wanaouza "virutubisho vya ubongo" kwenye semina za hotelini. Hao ninawaogopa kuliko wazee wa Magu, na bei zao ni za kuuza ng'ombe.)

Kumtoa kwa mganga kwa ugomvi msijaribu. Mama ataona mnamuua mwanawe, na mdogo wako atasikia kelele juu ya kelele alizonazo. Nenda na mama, mchukue na zawadi ndogo kama desturi ilivyo, umsalimie mzee kwa heshima zote. Mwambie hivi: "Mzee, tunashukuru kwa kumpokea na kumlaza. Tunakuomba uendelee kumwombea na kumwosha. Ila ya kunywa tunaisimamisha, kwa sababu tunamrudisha kwenye dawa ya hospitali, na wewe mwenyewe ulisema haziwezi kukaa pamoja." Umemrudishia maneno yake. Wengi hukubali, na baadhi hufarijika, kwa kuwa mgonjwa asiyepona ni mzigo pia kwa jina la mganga.

Kisha mrudi hospitali, iwe ileile au nyingine. Mama anaogopa Mirembe, najua, hata kama hukuandika. Ile hospitali ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927 na kwa miaka mingi jina lake limekuwa tusi la mtaani. Mdogo wako hana haja ya kwenda Dodoma. Hospitali ya Bugando, hapo Mwanza, kuna idara ya afya ya akili, na mnaweza kuanza na hospitali ya wilaya mkapewa rufaa. Mkifika, la kwanza kabisa kabla ya kuketi, semeni: "Alichomwa sindano, shingo ikapinda." Liandikwe kwenye kadi yake kwa wino. Kwa sentensi hiyo daktari atachagua dawa nyingine, au ataanza na kipimo kidogo akiongeza polepole, na atawapa ya kulegeza mwende nayo nyumbani. Kama mna jina la ile ya kwanza, hata kipande cha karatasi yake, nendeni nacho. Gharama zikiwalemea, ulizeni dirisha la ustawi wa jamii kuhusu msamaha kabla ya kukata tamaa.

Msitegemee muujiza wiki ya kwanza. Usingizi na fujo hutangulia kutulia, sauti huchukua wiki kadhaa, na kuna siku atasema amepona ili muache kumsumbua. Akishapona kweli, dawa inaendelea. Kwa mara ya kwanza kama hii huwa tunazungumzia mwaka mmoja au miwili, na kuacha ni kwa kupunguza kidogo kidogo mbele ya daktari. Watu wengi wanaorudi kwangu wakiwa wabaya zaidi waliacha ghafla siku waliyojisikia vizuri. Akichoka kumeza kila siku, ipo sindano ya mara moja kwa mwezi. Akipata homa kali na mwili mzima kukakamaa, au asile wala asinywe siku mbili, au aseme anakwenda kwa wanaomwita, msisubiri tarehe ya kliniki wala asubuhi.

Kazi atarudi. Wavuvi wangu wawili waliopona wako mwaloni mpaka leo, ila hawaingii majini usiku: mmoja anaanika dagaa na kuhesabu magunia, mwingine anatengeneza nyavu. Ongeeni na tajiri wa mtumbwi mapema ili nafasi ya nchi kavu isichukuliwe na mwingine, na mwambieni anaumwa. Si lazima mseme anaumwa nini.

Siku mtakayokwenda kwa daktari, mama awepo, yeye ndiye aliyeona shingo. Na ile chupa msiimwage. Ifungeni vizuri mwende nayo, hata kama imebaki kidogo chini, na mumuulize mzee jina la mti wake kabla hamjaondoka Magu.